Timazi

Ulikuja na glavu mpya, daktari wa meno kutoka Lyon,
lebo ya bei ikining'inia kwenye kidole gumba.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hapa Gyumri hatukungoja:
saa moja asubuhi ulikuwa na mwiko mkononi
na theluji ya Machi begani.

Nilikutazama kutoka dirisha la kontena,
dirisha alilolikata kwa msumeno marehemu Vardges
mwaka wa kwanza baada ya tetemeko.
"Miaka miwili tu, Hripsime," aliapa. "Miwili."
Msumari alioupigilia kutundikia koti, kwa muda,
umeliwa na kutu nikaubadilisha mara tatu.
Januari pumzi zetu ziliganda ukutani,
na Tsovinar binti yangu alijifunzia kuandika humo,
kwa ukucha, juu ya barafu.
Hakuwahi kufika herufi ya mwisho:
jiko lilishika moto, alfabeti ikatiririka hadi sakafuni.

Siku nzima ulipanga mawe ya tufu,
meusi, yenye vinyweleo kama mkate ulioumuka,
ukilishika kila moja kana kwamba litalia.
Na ukuta wako, nakwambia bila hasira,
uliinama
kama mtu anayetegea sikio ya jirani.

Basi lilipowachukua kwenda kulala
Norayr fundi aliwasha taa ya kichwani.
Hakutukana. Alibomoa safu nne,
akakwangua saruji kabla haijakaza,
akaanza upya, peke yake, vidole vikivuka mvuke.
Nilimpelekea chai.
"Kwa nini usimwambie?"
Akatema ganda la alizeti, akaning'iniza timazi,
akasubiri itulie.
"Hii haisemi na mtu," akajibu. "Inasema na ukuta."

Asubuhi ulisimama pale muda mrefu.
Uliona. Mtu anayekula kwa kuziba matundu
hadanganywi na kiungo.
Ukauweka mwiko chini, nami nikawaza:
basi, huyu kashaondoka.
Ukachukua koleo, ukaenda kwenye lundo la mchanga,
na siku tisa zilizobaki
ulichekecha, ulikoroga, ulibeba ndoo,
huna swali ila moja, kwa Kiarmenia cha bibi yako:
Mzito, au mwepesi?
Norayr hakuwahi kukusifu.
Ila siku ya sita nilimsikia akisema "mwepesi kidogo, ndugu,"
na neno hilo la mwisho yeye hulitoa kwa kipimo.

Utakapowasimulia kwenu, usiseme nilipewa nyumba.
Kila tarehe tano napanda ngazi za ofisi
na dram elfu ishirini na mbili kwenye bahasha,
bila riba, kwa miaka kumi na mitano,
na nina miaka sitini na minne, kwa hiyo wakinicheka
huwaambia nitalazimika kuishi.
Msingi tuliuchimba mimi na Tsovinar.
Kuna jembe letu moja limevunjikia humo.

Usiku wa kwanza sikulala.
Mvua ilinyesha juu ya paa na haikunipigia kelele;
nikaamka mara mbili kuangalia kama kweli inanyesha.

Kontena nilitaka kuliuza kwa watu wa vyuma chakavu.
Jana alikuja kijana, Hrachik, na mkewe mwenye mimba kubwa.
Akazunguka ndani, akagonga bati kwa kiganja,
akasimama dirishani, akaupapasa ule msumari.
"Miaka miwili tu, mama," akasema.

Nikampa ufunguo. Ningempa nini?

Kisha nikaketi, nikakuandikia haya.
Mchanga umebaki, kama nusu lori.
Norayr yupo, mgongo unamsumbua, haulizi habari zako
lakini amelifunika koleo lako kwa turubai.
Glavu ziko juu ya kabati.
Lebo sijaikata.